Sahihi ya Fundi na Roho za Abiria

Kabla gari la askari halijatoka Malukhu, mjini Mbale, kuteremka Jinja, dereva anayeijua kazi yake hulizunguka kwanza. Hupima mafuta na maji, hutazama tairi, hukanyaga breki mara mbili tatu. Akiona kikanyagio kinazama mpaka chini, humwendea mkubwa wake na kumwambia, "Afande, gari hili haliwezi kutoka." Mkubwa huyo huenda akakasirika, kwa kuwa watu wanangojwa Jinja na saa zinakwenda. Lakini kila aliyepita barabara ya Tirinyi hadi karibu na Iganga, na kukutana huko na malori ya mizigo yanayotoka mpaka wa Malaba, anafahamu kwamba kuchelewa kwa saa tatu si kitu mbele ya kuzika watu ishirini.

Hayo ni ya gari, na gari likiharibika njiani lina mahali pa kuegeshwa. Ndege ya abiria haina ukingo wa barabara huko angani. Kasoro iliyopuuzwa chini, juu haina wa kuitengeneza. Ndiyo maana mazungumzo haya yanahusu jambo moja ambalo mara nyingi huachiwa wataalamu, ingawa linamhusu kila mtu mwenye kuvaa sare, nalo ni kasoro ya ndege ambayo imekwisha julikana, imekwisha andikwa, na bado ndege inaruhusiwa kuruka.

Askari ana sababu yake ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Raia hununua tiketi kwa fedha yake, na akiiona ndege haimpendezi anaweza kurudi nyumbani. Askari hana hiari hiyo. Huamriwa kupanda, naye hupanda. Kwa hiyo yeye kuliko abiria mwingine yeyote huyaweka maisha yake mikononi mwa mtu asiyemjua, fundi aliyetia sahihi katika daftari la ndege usiku uliotangulia.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba si kila kasoro huzuia ndege kuruka. Ndege kubwa ya abiria ina vipande vingi mno, na haupiti muda mrefu bila taa kuungua, kiti kukwama, au chombo kimoja kati ya viwili vya aina moja kukataa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo kila aina ya ndege ina orodha iliyokubaliwa na wakuu wa usafiri wa anga, ionyeshayo ni kitu gani kinaweza kungoja na kwa masharti gani. Kasoro za kundi moja hupewa siku 3, za kundi jingine siku 10, na zile ndogo kabisa siku 120. Rubani huandika alichokiona. Fundi mwenye leseni hukitengeneza, au hukiahirisha kwa kufuata orodha hiyo, kisha hutia sahihi. Pasipo sahihi hiyo, ndege haina ruhusa ya kuruka.

Mpango huo ni mzuri, ila una mlango mmoja dhaifu, nao ni mwanadamu. Kasoro huahirishwa mara ya kwanza kwa haki, mara ya pili kwa mazoea, na mara ya tatu kwa sababu hakuna anayekumbuka ilianza lini. Fundi aliyechoka hubadili kipande kimoja bila kutafuta chanzo cha ubovu, akaandika kwamba chombo kimepimwa na ni kizima. Rubani naye, akiogopa kuitwa mkorofi anayechelewesha safari, humweleza mwenzake kwa mdomo jambo ambalo lilipasa kuandikwa. Hapo daftari hubaki safi na ndege hubaki mbovu. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Katika usafiri wa anga, mwiba ni wa mtu mmoja, na mguu unaoota tende ni wa watu mia.

Watu wa Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda London kwa kupitia Addis Ababa na Rome. Ilikuwa ya aina ya Super VC10, yenye injini nne zilizofungwa nyuma, na katika siku hizo ndege za aina hiyo zilikuwa fahari ya nchi zote tatu za Jumuiya. Namba yake ya usajili ilikuwa 5X-UVA. Alama ya 5X ni ya Uganda. Maana yake ni kwamba, ingawa shirika lilikuwa la Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, ndege yenyewe ilikuwa imeandikishwa Uganda.

Uwanja wa Addis Ababa uko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi kabla ya kuinuka. Ndege ile ilipokuwa inakimbia katika njia ya kurukia, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoanguka kutoka katika ndege ndogo ya aina ya Cessna, kipande kinachowekewa jeki wakati ndege hiyo inapoinuliwa. Tairi ikapasuka. Rubani akaamua kuacha kuruka na kuisimamisha ndege. Huo ni uamuzi ambao marubani hufunzwa, na ndege hutengenezwa ili iuweze.

Lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya wakati ilipofunguliwa na kufungwa tena. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka kwenye mteremko, ikavunjika na kushika moto. Ndani yake walikuwamo watu 107. Waliokufa walikuwa 43.

Hapana budi kuyatazama vizuri makosa hayo mawili, kwa maana yalitoka kwa watu wasiojuana. Mmoja alipoteza kipande kidogo cha chuma katika njia ya ndege. Mwingine, mahali pengine, alifunga breki isivyotakiwa, na kazi yake ikapita bila kugunduliwa. Kila kosa peke yake lingeweza kukaa siku nyingi bila madhara. Ndege inapotua katika siku ya kawaida, kwenye njia ndefu na kavu, breki haziombwi nguvu zake zote. Kwa hiyo breki iliyofungwa vibaya huweza kuonekana nzima safari baada ya safari. Huulizwa swali la kweli siku ile tu ambayo rubani anaihitaji yote, na siku hiyo hakuna tena nafasi ya kuitengeneza.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wasikilizaji wa jeshi. Alfajiri ya tarehe 9 Machi 2009, ndege ya mizigo ya aina ya Ilyushin Il-76 iliruka kutoka Entebbe kwenda Mogadishu. Ilikuwa imekodishwa kuwapelekea vifaa askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda amani Somalia, miongoni mwao vijana wa Uganda na wa Burundi. Muda mfupi baada ya kuruka ilianguka katika Ziwa Viktoria. Watu wote 11 waliokuwamo walikufa, wakiwamo maofisa wa jeshi la Burundi.

Wachunguzi walipopitia kumbukumbu za ndege hiyo, walikuta kwamba injini zote nne zilikuwa zimepita muda wake wa kazi. Ilidaiwa kwamba matengenezo yalifanywa ili kuziongezea muda, na kwamba kulikuwa na hati za kuthibitisha kazi hiyo. Dai hilo halikuweza kuthibitishwa, wala hati hizo. Hapa msiba una sura nyingine. Huko Addis Ababa, fundi alifanya kazi akaikosea. Katika jambo la Entebbe, palikuwa na karatasi isemayo kazi imefanyika, na mtu asiyeweza kuonyesha kwamba kweli ilifanyika. Askari anayekwenda vitani huwa tayari kukutana na adui. Hapasi kuuawa na karatasi kabla hajafika.

Mataifa makubwa yenye viwanda nayo hayakuepuka. Nchini Japani, mwaka 1978, ndege ya Boeing 747 ilikwaruza mkia wake wakati wa kutua Osaka. Ilitengenezwa na mafundi wa kiwanda chenyewe kilichoiunda, lakini bamba moja la kuunganishia ukuta wa nyuma halikuwekwa kama mchoro ulivyoagiza, hata mstari mmoja wa ribiti ukabeba uzito uliopasa kubebwa na miwili. Ndege hiyo iliendelea kuruka kwa muda wa miaka saba. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta huo ulipasuka angani, mkia ukang'oka, na watu 520 wakafa. Wanne tu ndio waliookoka.

Nchini Indonesia kosa halikuchukua miaka saba. Lilichukua siku tatu. Kuanzia tarehe 26 Oktoba 2018, ndege ya Boeing 737 MAX 8 ya shirika la Lion Air ilionyesha mara kwa mara habari zisizo sahihi za kasi na za urefu kutoka ardhini. Mafundi waliishughulikia, na tarehe 28 wakabadili kifaa kinachopima jinsi bawa linavyoikata hewa. Kifaa kilichowekwa kilikuwa kimewahi kutumika na kutengenezwa, nacho kilikosea kwa nyuzi 21. Usiku huo marubani walipambana na ndege mpaka wakafika salama Jakarta, lakini walichoandika katika daftari hakikueleza yote yaliyowapata. Asubuhi ya tarehe 29 marubani wengine waliichukua ndege ile ile. Watu wote 189 waliangamia baharini. Ni kweli kwamba ndege hiyo ilikuwa na dosari kubwa ya kiwandani, kwa sababu mtambo wake uliinamisha pua ya ndege kwa kutegemea kifaa kimoja tu. Pamoja na hayo, wale wa asubuhi walistahili kujua yote waliyoyajua wale wa usiku.

Jambo hilo kila askari analifahamu kwa jina la makabidhiano ya zamu. Mlinzi anayeondoka langoni humweleza anayeingia kila alichokiona, hata kama ni mbwa aliyebweka upande usio wa kawaida. Asipomweleza, amemwacha mwenzake kipofu. Daftari la ndege ni makabidhiano ya zamu, na tofauti ni kwamba anayepokea hupanda nalo angani pamoja na watoto wa watu.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni rahisi kwa asiyelipa gharama. Watasema kwamba vipuri vya ndege hununuliwa kwa fedha za kigeni, kwamba hutoka ng'ambo na hukawia, na kwamba ndege iliyosimama haileti hata shilingi moja huku mikopo ikiendelea kudai. Hayo ni kweli. Shirika la Ndege la Uganda lilianzishwa mwaka 1976, likafungwa mwaka 2001, likafufuliwa mwaka 2019. Kila mwenye kuipenda nchi anapenda kuona ndege zenye rangi za taifa zikiruka, na huona uchungu anaposikia kwamba moja imesimama karakana.

Lakini uchungu huo wapaswa kupimwa vizuri. Mwaka 2022 shirika la Air Tanzania lilisimamisha baadhi ya ndege zake mpya za Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini, matatizo ambayo yaliyakuta pia mashirika mengine yenye injini za aina hiyo. Hasara ilikuwa kubwa na manung'uniko yalikuwa mengi. Hata hivyo hakuna mama aliyelia kwa ajili ya ndege iliyosimama. Fedha iliyopotea kwa kungoja huweza kutafutwa tena, na ratiba iliyovurugika huweza kupangwa upya. Ndege iliyosimama kwa sababu ya kasoro si aibu ya taifa, bali ni ushahidi kwamba mahali fulani yuko mtu aliyekataa kutia sahihi ya uongo.

Vile vile haifai kudhani kwamba kila ajali ni kosa la fundi. Tarehe 17 Oktoba 1988, ndege ya Boeing 707 ya Uganda ilianguka ikijaribu kutua Rome katika ukungu, na watu 33 kati ya 52 wakafa. Huko uchunguzi ulielekea kwenye maandalizi ya marubani kwa kutua kwa namna ile, na si kwenye breki wala injini. Wenye kutaka haki hawana budi kungojea uchunguzi umalizike, kwa kuwa kumtupia lawama asiyehusika humwacha mwenye kosa akiendelea na kosa lake.

Hapa ndipo linapokuja jambo la polisi. Ajali ya ndege inapotokea, polisi huwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Wajibu wao ni kuokoa watu, kuzuia uporaji, na kuhakikisha kwamba hakuna kipande kinachoondolewa wala karatasi inayopotea. Mabaki ya ndege hueleza habari yake kwa yule tu anayeyakuta mahali yalipoanguka. Daftari la ufundi nalo huweza kuchomwa au kuandikwa upya katika saa chache, likiachwa mikononi mwa wanaoliogopa. Askari polisi wa cheo cha chini, anayezuia mlango wa ofisi mpaka wachunguzi wafike, huenda akawa ameyaokoa maisha ya abiria wa miaka ijayo.

Sheria za kimataifa za usafiri wa anga, zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zinasema kwamba madhumuni ya uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kwa polisi, aliyezoea kumtafuta mwenye hatia, neno hilo huweza kuonekana geni. Lakini lina hekima yake. Fundi akijua kwamba kukiri kosa ni kwenda gerezani, ataficha kosa, na breki iliyofungwa vibaya itaruka tena. Ipo tofauti kubwa kati ya mtu aliyekosea katika kazi ya haki na mtu aliyetia sahihi chini ya kazi ambayo haikufanyika. Wa kwanza afundishwe, na aulizwe ni nini kilichompotosha: uchovu, giza, au kitabu cha maelekezo kisichoeleweka. Wa pili amefanya udanganyifu, na mahali pake ni mbele ya hakimu.

Linabaki swali gumu kuliko yote, nalo linahusu utii. Jeshi haliwezi kwenda pasipo amri kutiiwa, na hakuna anayesema vinginevyo. Lakini mkubwa anapomwamuru fundi wa mitambo aitoe ndege, helikopta au gari ambalo fundi huyo amekwisha liona ni bovu, nani amtii nani? Jibu la watu wenye nidhamu ni hili. Mkubwa ndiye mwenye amri juu ya safari, na fundi ndiye mwenye amri juu ya sahihi yake. Mkubwa anaweza kuahirisha safari, kutafuta chombo kingine, au kumwita fundi wa pili mwenye ujuzi zaidi. Hawezi kuuamuru mkono wa mtu uandike kwamba kibovu ni kizima, kwa kuwa breki haina cheo wala haimwogopi jenerali. Na kamanda mwenye busara humlinda mdogo wake aliyesema "hapana" kwa sababu ya kweli, wala hamwiti mwoga. Siku wadogo watakapoacha kusema "hapana", kamanda huyo atakuwa amebaki bila macho.

Shule ya mambo hayo haiko mbali na Malukhu. Mtu akifuata barabara ya kaskazini kutoka Mbale, akapita Kumi, hufika Soroti, kilipo chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa mwaka 1971 katika siku za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo vijana hufunzwa urubani, na wengine hufunzwa ufundi wa ndege. Watu humshangilia rubani, maana humwona akishuka ngazi na kofia yake. Fundi hamwoni mtu. Hufanya kazi usiku, chini ya bawa, mikono imejaa mafuta, na kazi yake ikiwa njema hakuna anayeitambua, kwa sababu hakuna kilichotokea. Taifa linalotaka ndege zake zirudi salama lapasa kumheshimu mtu huyo, kumpa mshahara wa kumtosha na usingizi wa kumtosha, na kumpa vipuri kabla siku za kuahirisha hazijaisha.

Nidhamu hiyo haianzi Entebbe wala Soroti. Huanza katika ghala ya silaha, ambamo bunduki yenye kasoro hutengwa na kuandikwa badala ya kurudishwa katika safu ili hesabu itimie. Huanza katika karakana ya kambi ya Jinja, na katika kituo cha polisi ambacho pikipiki yake ya doria haina breki ya mbele na kila mtu anajua. Huanza Malukhu, asubuhi, dereva anapolizunguka gari lake kabla ya safari. Askari aliyezoea kuandika "tayari" juu ya kitu kisicho tayari, akipewa ndege ataandika hivyo hivyo. Na yule aliyezoea kusema kweli mbele ya mkubwa wake kuhusu tairi moja, huyo ndiye abiria 107 wangemhitaji huko Addis Ababa.